Keria inapiga kelele barabarani? Hatua za kuinyamazisha, kuanzia zile za bure

Kama una Noah, Probox, Prado au Land Cruiser uliyoipandishia keria juu, hii kelele unaijua. Mjini huisikii kabisa, ila ukitoka tu ukaingia barabara kuu na mshale ukavuka 70 hivi, juu ya kichwa kinaanza kitu kinavuma vuuuuu, ukikanyaga mafuta nacho kinapandisha sauti, mpaka abiria wa nyuma anauliza hii gari ina shida gani. Gari haina shida. Ni upepo na chuma tu, na sehemu kubwa ya hiyo kelele inaondoka kwa vitu vya bei ya soda mbili tatu, mradi ujue kwanza ni chuma kipi kinacholia, maana wengi wetu tunakimbilia kununua au kuchomelea kitu kabla hata hatujajua tunatibu nini.

Kwanza, chuma kinaliaje

Upepo ukikutana na bomba lililokingama juu ya gari haupiti kwa utulivu. Unagawanyika, mwingine juu mwingine chini, halafu nyuma ya bomba unajikunja vimbunga vidogo vidogo, kimoja kinachomoka upande wa juu, kinachofuata upande wa chini, tena juu, tena chini, kwa zamu bila kukosea. Kila kinachochomoka kinalitikisa bomba na hewa iliyo karibu, na kwa sababu vinachomoka mara mia na zaidi kwa sekunde, sikio linasikia mlio mmoja mrefu.

Mtu aliyeupima huu mlio vizuri ni mwanafizikia wa Kicheki, Vincenc Strouhal, mwaka 1878, akitumia nyaya. Akakuta mlio unafuata vitu viwili, kasi ya upepo na unene wa waya, na kuukaza waya sana au kidogo hakubadilishi kitu kikubwa. Hesabu yake bado tunaitumia na ni nyepesi: chukua kasi ya gari kwa kilomita kwa saa, gawa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde, zidisha kwa 0.2, halafu gawa kwa unene wa bomba kwa mita. Bomba la duara la milimita 25 ukiwa 80 linatoa mitetemo kama 178 kwa sekunde, ukifika 100 inakuwa 222. Bomba la milimita 40 kwenye 80 hiyohiyo linatoa kama 111, yaani sauti nzito zaidi. Bomba la mraba, ile skwea paipu ambayo mafundi wetu wa weldingi wanaipenda sana, badala ya 0.2 weka 0.13 hivi, kwa hiyo lenyewe linanguruma chini zaidi. Halafu kumbuka upepo wa juu ya paa unakimbia kuliko gari lenyewe, kwa sababu kioo cha mbele kinaupandisha na kuubana, kwa hiyo mlio halisi unakuwa juu kidogo ya hesabu yako, usishtuke.

Kitu kingine cha kujua mapema ni jinsi kelele inavyokua. Haikui sawasawa na kasi. Nguvu ya sauti ya upepo kwenye bomba inapanda karibu kama kasi ukiizidisha yenyewe mara sita, ndio maana kutoka 80 kwenda 100 nguvu inakuwa karibu mara nne, wakati spidi imeongezeka robo tu. Na ukirudi kutoka 100 mpaka 90 inapungua karibu nusu, ingawa sikio halitasikia nusu, litasikia tu kwamba imetulia kidogo. Hiyo ni dawa ya bure kabisa na watu hawaipendi.

Hatua ya 1: jua ni mlio gani

Hapa usiharakishe, hii ndiyo hatua yenyewe. Chagua asubuhi isiyo na upepo, barabara iliyonyooka na tambarare, na umchukue mtu wa kusikiliza ili wewe uangalie mbele. Upepo ukiwepo majibu yote yanaharibika: pale uwandani Makuyuni upepo ukiwa unakuja uso kwa uso kilomita 25 kwa saa na wewe uko 80, keria inajua iko 105. Zima redio, zima AC na feni, pandisha vioo vyote. Nenda 60 ukitulia hapo kidogo, halafu 80, halafu 100 kama barabara na sheria vinaruhusu. Msikilizaji arekodi kwa simu, na kama simu yake ina programu ya bure ya kuonyesha mitetemo ya sauti basi ndio vizuri zaidi, asome namba.

Sauti zenyewe ziko za aina nne hivi.

Mvumo mzito unaopanda kadiri unavyoongeza spidi na kushuka unapopunguza. Huyo ni yule wa Strouhal, mabomba yaliyokingama. Linganisha namba ya simu na hesabu ya hapo juu, utajua hata ni bomba la unene gani.

Mluzi mkali unaotokea kwenye spidi fulani tu, mfano kati ya 75 na 85, na ukipita hapo unapotea, au unabaki noti ileile hata ukiongeza spidi, unapanda ukubwa tu. Huo ni wa tundu: ncha ya bomba iliyo wazi, tundu la bolti lisilotumika, mfereji ulio juu ya zile baa za dukani. Ni kama unavyopuliza mdomo wa chupa ya soda, hewa ya ndani ina noti yake na haibadilishi.

Kugongagonga, kuchachatika, tatatata. Kitu kimelegea, au mkanda unapigapiga.

Ya nne ni kelele ya kupumua, shhhhh, karibu na sikio lako kuliko juu. Hii mara nyingi keria inasingiziwa tu, ni mpira wa mlango au wa kioo umechoka. Ipime hivi: weka kipande cha karatasi mlangoni, funga mlango, kivute. Kikitoka kirahisi bila kukwama, mpira hapo haubani. Zunguka mlango mzima. Na zile gari za utalii zenye paa la kuinua, anzia kwenye mpira wa paa kabla hujaigusa keria, maana ule mpira unapigwa jua na vumbi la mbuga kila siku.

Kama bado huna uhakika, vua keria uende bila hiyo. Ni kazi ya bolti chache na inamaliza ubishi wote. Kuivua kukiwa ni shida, chukua tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, ziba kitu kimoja, endesha, sikiliza, bandua, ziba kingine. Ukiziba vitano kwa mpigo kelele ikaisha hutajua ni kipi.

Hatua ya 2: kaza, ziba

Anza na kukaza. Zungusha spana bolti zote za miguu ya keria, zile za klampu zinazoshika gata, na za taa kama zipo. Weka washa za springi au nati zenye nailoni ndani, na kati ya mguu na bodi pawe na kipande cha mpira mgumu mwembamba, si sponji, kwa sababu sponji inabonyea halafu klampu inalegea. Ule mpira unafanya kazi mbili, unazuia kukwaruza rangi na unapunguza mtetemo wa keria kuingia kwenye bati la paa, na ukweli ni kwamba ukiwa ndani ya gari sehemu ya ule mvumo unaousikia imeshuka kupitia miguu. Ukitoka barabara ya vumbi kaza tena. Na ukiwa hapo juu angalia weldingi kwenye kona, ufa mwembamba kama unywele huwa unajificha chini ya rangi, ukiona mstari wa kutu kwenye kiungo usiuache.

Kisha matundu. Keria nyingi za kuchomelewa zina ncha za mabomba zilizoachwa wazi, na fundi akiulizwa anasema hazina tatizo. Zina tatizo, zinapiga mluzi na zinaingiza maji. Nenda duka la vifaa ukanunue vile vikofia vya plastiki vinavyowekwa chini ya miguu ya viti vya chuma, vipo vya duara na vya mraba, vya kila saizi, bei yake ni ya kuchekesha. Pima unene wa bomba kwanza, paka silikoni kidogo pembeni, gonga kwa nyundo ya mpira. Ila kama bomba lilishaingia maji, toboa tundu dogo la milimita 5 sehemu ya chini kabisa, likiangalia chini, maji yatoke, vinginevyo umefungia kutu ndani. Matundu mengine ya bolti yasiyo na kazi, weka bolti fupi au silikoni.

Zile baa za dukani za alumini zina mfereji kwa juu wa kuingizia vifaa, na zinakuja na ukanda wa mpira wa kuufunika. Watu wanaung'oa wakifunga kitu halafu hawaurudishi. Urudishe, ukate pale tu kifaa kinapokaa, vipande vya pembeni virudi mahali pake. Ukanda wenyewe umepotea? Mafundi vioo wana mipira mirefu ya madirisha ya alumini, chukua mfereji wako kwa picha na vipimo, mara nyingi unapatikana unaoingia. Na kagua baa zenyewe kama hazijafungwa kinyumenyume, zile zenye umbo la bawa upande mnene wa mviringo ndio unaangalia mbele, ule mwembamba nyuma. Nimeona gari nyingi sana mjini zimefungwa tofauti na mwenye gari analalamika baa ni feki.

Hatua ya 3: zungushia kamba

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ule mvumo unatokana na vimbunga kuchomoka kwa pamoja urefu wote wa bomba, kwa hiyo ukivivuruga visichomoke kwa wakati mmoja, kila kipande cha bomba kikawa na zamu yake, mlio unavunjika unabaki upepo wa kawaida. Angalia antena ya gari, nyingi zina uzi umezungushwa kutoka chini mpaka juu, si urembo. Angalia mabomba marefu ya moshi ya viwanda, baadhi yana mabati yamezungushwa juu kwa mtindo huohuo, ule ujuzi ulitoka kwa Christopher Scruton wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, kule shida haikuwa kelele, ilikuwa bomba zima kuyumba.

Namna ya kufanya: kwa bomba la milimita 25 mpaka 35 tafuta kamba ya milimita 5 au 6, ya nailoni, manila ya katani inachakaa na kuoza mapema kwa jua na mvua. Safisha bomba, futa vumbi na mafuta. Funga mwanzo kwa kebo tai mbili, halafu zungusha kamba kama inavyopanda nyoka mtini, usiibananishe, acha nafasi. Nafasi nzuri ni mara tano ya unene wa bomba, kwa hiyo bomba la milimita 30 kila mzunguko uende sentimita 15. Ukiibananisha kamba ikafunika bomba lote umetengeneza tu bomba nene zaidi, litavuma vilevile kwa sauti nzito. Vuta kwa nguvu unapozungusha, mwisho weka kebo tai mbili tena, halafu juu ya kebo tai zungusha tepu nyeusi ya mafundi umeme. Kata mikia yote ya kebo tai karibu kabisa, mkia mmoja ukibaki nao una mluzi wake.

Huna kamba? Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukunje mara mbili uwe kamba nene, zungusha hivyohivyo. Unashika vizuri kuliko kamba, hautelezi, ila jua linaupasua mapema zaidi.

Anza na bomba la mbele peke yake, endesha, sikiliza. La mbele ndilo linalopokea upepo msafi, ya nyuma yake yanapata upepo uliokwisha kuvurugwa na mara nyingi hayahitaji kitu. Wapo wanaovalisha ile sponji nyeusi ya mabomba ya AC, inasaidia kiasi na inaonekana nadhifu, lakini peke yake inanenepesha tu bomba na kushusha mlio, izungushie kamba kwa juu ndio utaona tofauti.

Hatua ya 4: sogeza au weka kingio

Pale paa linapoanza, juu tu ya kioo cha mbele, ndipo upepo una kasi mbaya kuliko sehemu nyingine. Kama miguu ya keria inasogezeka, rudisha bomba la mbele nyuma sentimita 10 au 20 usikie, ila usitoke nje ya nafasi ambazo kitabu cha gari au cha keria kimeruhusu, na umbali kati ya miguu ya mbele na nyuma usiwe mdogo mpaka mzigo unayumba.

Kama kamba haikutosha, hasa kwenye keria kubwa za Land Cruiser zenye kingo ndefu, hapo kingio cha upepo kinalipa. Ni kibao kinacholala mbele ya keria, chini kikikaribia paa, juu kikifika usawa wa bomba la mbele. Wengi wanatumia alumini ya milimita 2 au 3, au ile plastiki ngumu inayopita mwanga. Bati la mabanda usithubutu, jembamba, litatetemeka na utakuwa umeongeza mpiga ngoma. Kilaze, kisisimame wima, kama nyuzi 30 hadi 45, na chini yake gundisha mpira wa mlango ili kisile rangi, huku kikiacha mwanya mdogo mno au kikigusa kwa mpira tu. Kifunge sehemu nne au zaidi, maana upepo unakisukuma kwa nguvu kweli, na klampu ikiachia kwenye spidi 100 hicho kibao kinamfuata aliye nyuma yako.

Taa ndefu za LED za juu ni jirani mbaya sana. Nyuma zina mapezi ya kupoza joto, upepo ukipita katikati yake inakuwa filimbi. Vua taa kama huitumii, au geuza pembe yake kidogo, au chukua ule mpira wa kingo za mlango uuvike kwenye pezi la juu na la chini. Usiyafunike mapezi yote, taa inahitaji kupoa.

Ukiwa na mzigo

Mikanda ya kufungia inavuma kwa sababu ileile ya bomba, ila yenyewe ni bapa inapepea kabisa, brrrrr mpaka kwenye mbavu. Kabla hujaikaza ipe mzunguko mmoja au miwili ili upande bapa usikae sare urefu wote, inanyamaza papohapo. Mikia ya mikanda ifunge chini, usiiache inachapa paa. Turubai likazwe kuanzia mbele, upindo wa mbele uingie chini ya mzigo, sio juu, upepo ukipata mdomo hapo linajaa. Madumu yalaze kwa urefu wa gari. Kisanduku kikubwa cha juu kinaweza kunyamaza kuliko keria tupu, lakini mafuta utalipa: takwimu za serikali ya Marekani kuhusu matumizi ya mafuta zinasema kisanduku kikubwa butu cha paani kinapunguza umbali unaokwenda kwa lita moja kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 barabara kuu, na 10 hadi 25 kwenye spidi za kilomita 105 hadi 120 kwa saa.

Kama ndio unaenda kuchomelesha mpya

Mwambie fundi haya kabla hajawasha mashine, baadaye atakudai upya. Mabomba ya kukingama yawe machache kadiri mzigo unavyoruhusu, yale ya sakafu yalale kwa urefu wa gari, kutoka mbele kwenda nyuma, upepo uyafuate badala ya kuyakata. Bomba la mbele liwe la duara na si la mraba, lishuke chini liwe karibu na paa, na aache masikio mawili matatu ya kufungia kingio hata kama huna hela yake sasa. Ncha zote azizibe kwa weldingi, asikwambie atarudi kuzimalizia. Wavu wa sakafuni, kama lazima uwepo, uishie nyuma ya bomba la pili. Na asichomelee keria moja kwa moja kwenye bodi hata akikuhakikishia ndio imara zaidi, iwe ya bolti na klampu, ili wiki usiyobeba kitu uivue uiegemeze ukutani nyumbani.

Kabla ya safari ndefu panda ukague kamba: pitisha mkono bomba zima, ikiteleza ikazwe upya, kebo tai iliyopauka na kukakamaa kwa jua ikate uweke nyingine nyeusi, zile nyeupe hazimalizi kiangazi.